Ng'ombe Walioupa Upepo Mgongo

Kufika saa tano asubuhi, Céline Mukundwa alikuwa ameshaizunguka ile ndege mara tatu, na mara zote tatu hakuona alama ya ng'ombe.

Na ng'ombe huyo ndiye aliyemleta Kibabi. Kijiji kizima kilikuwa kinamjua. Ni wa Shyaka, walisema. Jumanne alitokea upande wa kuume wa kiwanja wakati ndege inatua, rubani akamkwepa, ndege ikajizungusha, mkia wake ukamgonga Papa Igiraneza aliyekuwa amesimama pembeni na makasha yake ya jibini. Igiraneza alikufa palepale. Shyaka akatiwa kasho, mahabusu ya polisi, siku hiyohiyo. Ilikuwa habari nzuri, imenyooka, haina kona. Na kwa kuwa mwezi uliopita ng'ombe wa Shyaka walikuwa wamekula maharagwe ya nyumba ya marehemu, watu hawakuona sababu ya kuuliza zaidi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ng'ombe huyo hakukanyaga chini.

Mukundwa alikuwa OPJ kutoka Goma, yaani afisa wa polisi anayechunguza na kuandika mashtaka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu, asiyejua kukaa kitako. Tangu alfajiri alikuwa ameacha vikombe vya chai vikiwa nusu katika nyumba tatu tofauti. Leo hata hivyo alikuwa na haki ya kutotulia, maana komanda wa Kibabi alikuwa amempa mpaka saa tisa. Saa tisa jeep inashuka Goma na Shyaka ndani yake. Akishafika Goma, faili lake litaingia kwenye rundo, na yeye atakaa gerezani mpaka ndama wake nao wazae.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo komanda hakulisema, ila lilimkaa usoni. Mukundwa mwenyewe ni mtoto wa wafuga ng'ombe, wa milima hiihii. Akimtoa Shyaka kwa maneno matupu, watu watasema damu nzito kuliko maji, na safari hii hawatakosea sana kusema hivyo.

Kutoka mteremko wa chini ng'ombe walikuwa wanalia. Ni hao hao wa Shyaka. Siku mbili hawakukamuliwa vizuri, kwa sababu majirani waliogopa kuonekana wanagusa mali ya mwuaji. Kilio chao kilimwingia Mukundwa kwenye meno.

"Mama OPJ, uko unatafuta nini ingine?" aliuliza Samy. "Utachimba shimo na hii kuzunguka yako."

Samy alikuwa fundi wa ndege. Alikuja kwa pikipiki kutoka Kibua, kule Walikale, ambako ndege hii ililala usiku wa kuamkia ajali. Alikuwa ameketi juu ya kasha la jibini, anakula jibini la marehemu, hana habari.

"Natafuta ng'ombe," alisema Mukundwa. "Na wewe acha kula ushahidi. Niambie, ndege inajizungushaje namna hii? Inaangalia kule ilikotoka."

Samy alifuta mikono kwenye suruali akasimama.

"Hii ndege iko ya mukia. Angalia. Mipira mbili kubwa mbele, na kamoja kadogo kule nyuma, ku mukia. Uzito yote inakaa nyuma ya ile mbili kubwa. Unajua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba muzigo?"

"Samy, mi nimezaliwa Masisi."

"Basi. Chukudu imebeba viazi, inateremuka mulima. Ikinyooka, hakuna shida. Ikienda upande kidogo tu, ule muzigo ya nyuma inataka kukupita, inataka yeye njo atangulie. Inakuzungusha. Hii ndege nayo ni vile. Zile zenye mupira ku pua zinakusameheaka. Hii hapana."

"Na piloti anafanya nini?"

"Anatumika na miguu. Iko na pedali mbili, sawa mushonaji ku mashine. Hapana kupumuzisha muguu mpaka ndege isimame kabisa. Upepo ikikuya ku ubavu, inasukuma mukia, na pua inageuka kuangalia kwenye upepo inatoka. Ukichelewa na muguu, imekwisha."

"Upepo ya Jumanne ilitoka wapi?"

"Mi sikukuwa hapa. Lakini piloti, Jean-Luc, anasema upepo haikukuwa."

Mukundwa alirudi mwanzo wa kiwanja, upande wa magharibi, akaanza kufuata alama za magurudumu kwa miguu, mikono nyuma. Kiwanja chenyewe ni nyasi na changarawe, chembamba, hatua ishirini upana. Upande wa kushoto kulikuwa na safu ya mikaratusi mirefu, na mbele ya mikaratusi hiyo alama zilinyooka vizuri. Ikafika mahali mikaratusi imekatwa kwa ajili ya makaa, safu ikakoma, na kutoka hapo alama zikaanza kuhama. Zilihama kwenda kuume. Pole pole, hatua thelathini nzima, mpaka karibu na ukingo. Ndipo pua ikageuka kushoto ghafla, gurudumu la kuume likalima ardhi, ncha ya bawa ikakwaruza changarawe, na mkia ukafyagia ukingo wa kuume, pale Igiraneza aliposimama.

Alichutama hapo. Akasimama. Akachutama tena.

"Samy. Ng'ombe ilitoka kuume, si ndiyo?"

"Njo wanasema."

"Na Jean-Luc aliikimbia, akakata kushoto."

"Ndiyo."

"Lakini mbele ya kukata kushoto, alienda kuume hatua makumi tatu. Nani anakimbia ng'ombe kwa kuifuata?"

Samy alizitazama alama kwa muda. Hakula tena jibini.

Ndani ya ndege Mukundwa aliokota chupa ya plastiki chini ya kiti cha rubani, ina mabaki meupe, inanuka uchachu. Asubuhi mwanamke mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba piloti alilewa. Aliifungua, akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole. Maziwa ya mgando, na mazuri. Akaifunika na kuirudisha, amekasirika kidogo, kwa sababu mlevi angemrahisishia kazi.

Njia ya kwenda kituo cha afya inapita mbele ya nyumba ya marehemu. Mjane, Mama Umurerwa, alikuwa barazani ameketi kwenye mashine yake ya kushona, wanawake wawili wamekaa kwenye mkeka karibu naye. Alikuwa anashona shati jeupe. Kibabi hakuna asiyemjua kwa sindano. Sare za shule, mashati ya kwaya, turubai za malori, vyote vinapita mikononi mwake, na husemwa kwamba cha Umurerwa kinachakaa lakini hakifumuki.

"Mama OPJ, karibu," aliita bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Umeandika jina ya Shyaka?"

"Bado, Mama. Pole na kufiwa."

"Asante. Hii ni shati ya kumuzikia kesho. Walitaka kununua ya duka, nikakataa. Bwana wangu hajavaa ya duka tangu anioe." Alimwonyesha ubavu wa shati, mistari miwili ya uzi imelala pamoja, sawa kabisa. "Mimi napitishaka mara mbili. Imebakia mikono tu."

"Ni kazi nzuri," alisema Mukundwa, na alimaanisha.

"Basi fanya na wewe yako. Yule Shyaka alilisha maharagi yangu, nikanyamaza. Sasa ameniulia muntu. Wakimuacha, mi nitakaa humu namna gani, nikiona ng'ombe zake kila asubui?"

Sauti yake haikupanda. Mukundwa angependa ipande, ingekuwa rahisi zaidi. Aliahidi kuandika kilicho kweli, mjane akamtazama kama mtu aliyeahidiwa senti. Mashine ikaendelea.

Jean-Luc, rubani, alikuwa amelala kituo cha afya, mkono wa kushoto umevunjika. Alikuwa mtu wa Bukavu, nadhifu, amenyoa ndevu hata na mkono mmoja. Muuguzi alisema wana dakika kumi tu, kisha watamchoma sindano ya usingizi ili waurudishe mfupa.

"Ng'ombe ilikuwa rangi gani?" aliuliza Mukundwa, amesimama.

"Nyeusi. Ao kahawia. Ilienda mbio."

"Shyaka hana nyeusi."

"Basi kahawia."

"Ilitoka kuume."

"Ndiyo, Mama."

"Na mbele ya kuiona, ulikuwa unaenda kuume. Alama ziko pale chini, zimenyooka mpaka mwisho wa mikaratusi, kisha zinahama. Kitu kilikuwa kinakusukuma. Upepo?"

"Hakukuwa upepo," alisema Jean-Luc haraka. "Niliangalia manche à air mbele ya kushuka. Batu ya huku wanaiita mufuko ya upepo, ile iko ku mulingoti. Ilikuwa imelala. Chini kabisa. Na Théophile, sentineli mwenye kulinda kiwanja, alinipigia simu, akasema vile vile, mufuko imelala. Upepo ingekuwako ya ubavu namna hiyo, ningerudi Kibua. Si mi natua huku miaka kumi na mbili?"

"Sasa bila upepo, na bila ng'ombe, ndege imezungushwa na nani?"

Rubani aligeuza uso ukutani. Muuguzi aliingia na sinia ya sindano, akangoja.

"Kama si ng'ombe, basi ni mimi," alisema Jean-Luc mwishoni. "Hewa imetulia, mchana mweupe, na mimi nimeua muntu. Unaelewa? Andika ng'ombe, Mama. Mi sitatia sahihi ku kitu ingine."

Alimwelewa, na alimwonea huruma, na alitaka kumzaba kofi, yote kwa pamoja. Huyu bwana alikuwa tayari Shyaka aoze gerezani ili yeye asiitwe piloti aliyeangusha ndege pasipo upepo. Akatoka nje. Ilikuwa imefika saa saba kasoro robo.

Kasho ya Kibabi ni chumba kimoja cha mbao nyuma ya ofisi ya komanda. Shyaka alikuwa amechutama mlangoni, kijana wa miaka thelathini hivi, buti za mpira, sikio limeelekea mteremkoni.

"Mama, unawasikia?" alisema hata kabla ya salamu. "Ile inalia sauti nzito ni Bihogo. Kiwele chake kitapasuka. Muambie hata adui yangu aende akamue, maziwa akunywe yeye."

"Nitasema. Sasa nijibu. Jumanne, ndege ikishuka, ng'ombe zako zilikuwa wapi?"

"Chini ya kiwanja, upande wa kuume, ku muteremko. Zote. Hakuna yenye ilipanda."

"Unajuaje hakuna? Uliwahesabu?"

"Upepo," alisema Shyaka, akishangaa kuulizwa. "Mvua ilinyesha asubui, ikamalizika, kukakuya upepo ya kutoka kule juu, upande wa mikaratusi. Ya nguvu. Ilibeba kofia yangu. Ng'ombe zikaipa mugongo. Wewe si ni mutoto wa ng'ombe, Mama? Ng'ombe inapandaka kukutana na upepo ya baridi uso kwa uso?"

Hapandi. Mukundwa aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Ng'ombe akipigwa na upepo wa baridi anaugeuzia matako, anainamisha kichwa, anangoja. Kama upepo ulitoka kushoto, upande wa mikaratusi, ng'ombe wote walikuwa wanaangalia bondeni, wameipa ndege mgongo.

"Piloti anasema hakukuwa upepo hata kidogo."

"Basi ni mimi naongopa," alisema Shyaka, akachoka. "Muandike vile. Lakini kofia yangu iko ku muti wa Mama Noëlla mpaka sasa. Muende muone."

Alikwenda. Kofia ilikuwepo, juu ya mparachichi, hatua themanini kutoka malisho ya Shyaka. Mama Noëlla mwenyewe alisema Jumanne hiyohiyo, muda si mrefu kabla ya ndege, upepo ulimfunulia paa la jiko. Mtu na mtu wanaweza kupatana kuongopa, lakini paa la jiko halina rafiki.

Kwa hiyo upepo ulikuwepo. Na Jean-Luc na Théophile, wanaume wawili waliokuwa mahali mbalimbali, wote walisema hakuna. Mukundwa alipanda tena kiwanjani karibu kwa kukimbia, na njiani aliipanga hadithi kichwani: wamekubaliana kwa simu, wamepanga maneno, mmoja anaokoa leseni, mwingine anaokoa kazi. Ilikuwa hadithi nzuri na ilimfurahisha mpaka juu ya kilima.

Théophile alikuwa amesimama chini ya mlingoti wake, mzee wa makamo, koti refu, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Kwa mkono mmoja alikuwa ameishikilia kofia kichwani.

"Papa Théophile, uliongea nini na piloti Jumanne?"

"Nilisema yenye niko naona, Mama. Nilisema mufuko imelala."

"Na upepo?"

"Mimi sisemake upepo. Batu wa Goma walinifundisha: Théophile, usiseme upepo, watu wanaongopaka juu ya upepo. Angalia mufuko. Mufuko ikisimama, sema imesimama. Ikilala, sema imelala. Njo sheria."

"Sasa hivi inafanya nini?"

Aliinua macho, kwa uaminifu wote. "Imelala."

Mukundwa aliinua macho pia. Juu ya mlingoti mfuko wa turubai la buluu ulikuwa umening'inia wima, hautikisiki. Upande wa kitambaa chake cha kichwa ulimpiga usoni. Akaushika, akauchomeka, ukachomoka tena. Kando ya kiwanja nyasi zote zilikuwa zimelalia bondeni. Akamgeukia Théophile, akamtazama mkono.

"Papa, kwa nini umeshika kofia?"

"Isiende, Mama."

"Iende na nini?"

Théophile alifungua mdomo. Akautazama mfuko, akakitazama kitambaa cha Mukundwa, akautazama mfuko tena. Alikuwa mtu mwema, na ilimchukua muda.

"Kofia haiko mu sheria," alisema kwa sauti ndogo.

"Teremsha ile kitu."

Waliuteremsha pamoja, kamba imelowa, nzito kuliko ilivyostahili. Mfuko ulipofika kifuani mwa Théophile mdomo wa mfuko uliinama, na maji yakamwagika juu ya viatu vyao, maji ya mvua ya siku mbili, meusi kwa majani ya mikaratusi, nusu dumu hivi. Samy, aliyekuwa ametoka chini ya ndege ili aone, alikuja mbio, akauchukua, akaingiza mkono kwenye mdomo wenye duara la waya, akaupeleka mpaka mwisho. Mkono ukakwama.

"Imefungwa," alisema. "Mama, hii kitu imefungwa huku chini. Manche à air inakuwaka wazi huku na huku, upepo inaingia na inatoka. Hii ilijaa mvua. Hata upepo ya kung'oa nyumba haiwezi kuisimamisha."

"Lini uliipandisha?" Mukundwa alimuuliza Théophile.

"Siku ya Mungu, Jumapili. Ile ya zamani ilipasuka, ikabakia mudomo na waya tu. Goma nikaomba, wakasema ngojeni. Jumatatu hii ilisimama muzuri sana, Mama, ndege ikaruka kwenda Kibua, hakuna shida."

"Jumatatu ilikuwa kavu."

"Ndiyo. Mvua ilianza Jumanne asubui." Théophile alikuwa ameanza kuelewa, uso wake ukamlegea. "Mi nilituma tu maneno. Nikasema wanishonee mufuko ya upepo. Sikusema ingine. Mufuko ya upepo, si njo jina yake?"

Mukundwa hakumuuliza ulishonwa na nani. Alikuwa ameshaugeuza mfuko ule kitako juu na kuona mshono wa chini. Mistari miwili ya uzi, imelala pamoja, sawa kabisa.

"Nilimutuma bwana yake," alisema Théophile. "Igiraneza. Yeye njo aliileta, na yeye njo aliipandisha, juu mimi magoti inaniuma. Alifurahi sana. Akasema, ndege zote za Walikale zitaangalia kazi ya bibi yangu."

Ng'ombe waliendelea kulia bondeni.

Mukundwa alimpigia komanda simu. Komanda alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo puani. Piloti amelala kwa sindano, alisema, hawezi kusema kitu mpaka jioni. Théophile atasema lolote ili asifukuzwe. Na mfuko una mdomo, ndiyo, lakini hausemi. Kesho watu watauliza nani alifunga ile chini, na watajibu wenyewe: OPJ Mukundwa, mutoto wa ng'ombe, usiku, kwa kumuokoa ndugu yake. "Niletee sahihi ya mwenye kuishona," alisema. "Saa tisa gari inaenda." Mukundwa alitukana, lakini baada ya kukata simu, na alijua kwamba komanda hakuwa mjinga.

Saa nane na dakika ishirini alikuwa barazani kwa mjane. Aliwaomba wale wanawake wawili waingie ndani. Akakaa kwenye mkeka, kitako, kwa mara ya kwanza siku ile, akaukunjua mfuko wa buluu juu ya magoti yake.

Umurerwa aliutambua kabla haujakunjuka wote.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Imefanya nini?"

Mukundwa alimwambia. Hakuzunguka, hakupamba. Alisema mfuko ule ulikuwa wa kumwonyesha piloti upepo. Upepo ungeingia mbele na kutoka nyuma. Nyuma kulikuwa kumefungwa, mvua ikajaa, mfuko ukalala. Piloti akaona umelala, akashuka kwenye upepo wa ubavu bila kuujua, ndege ikamzunguka. Hakukuwa na ng'ombe. Alipomaliza alitazama chini, kwa sababu kuna uso ambao mtu mzima hapaswi kuutazama.

Mguu wa Umurerwa ulikuwa bado juu ya pedali.

"Mufuko bila chini," alisema polepole, "ni mufuko gani?"

"Najua, Mama."

"Walisema mufuko. Walituma mudomo tu, wenye kupasuka. Chini nikafanya na akili yangu. Muntu akikuambia mufuko, utamuachia wazi? Kitu itaanguka yote."

"Najua. Hata mimi ningefunga."

"Shyaka iko wapi?"

"Kasho. Saa tisa wanamupeleka Goma. Komanda anataka sahihi ya mwenye kushona, bila hiyo hamuachi." Mukundwa aliinua macho. "Sitakudanganya. Hakuna sheria ya kukufunga wewe, ulishona yenye waliagiza, na nitaandika vile. Lakini karatasi ikisomwa, watu watasikia jina yako. Na watasema."

"Nikikatala?"

"Anaenda."

Umurerwa alitazama mteremkoni, kunakotoka vilio. Kwa muda mrefu, Mukundwa aliona, alikuwa anataka kukataa. Ilikuwa wazi usoni mwake, na hakujaribu kuificha.

"Mi nilimuchukia mbele ya Jumanne," alisema. "Juu ya maharagi. Walipokuja kuniambia Igiraneza amekufa, wakasema ni ng'ombe ya Shyaka, kidogo ndani yangu nilisema, nilijua. Nilifurahi kujua. Unaelewa kitu namna hiyo?"

"Naelewa."

"Leta karatasi."

Alisoma PV yote, yaani karatasi ya maelezo, neno kwa neno, kidole kikifuata mistari, akasahihisha mahali pamoja ambapo Mukundwa alikuwa ameandika uzi wa pamba, maana ulikuwa nailoni. Kisha akatia sahihi, herufi zote, kubwa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Mukundwa alisimama, akatia karatasi kwenye begi. Kutoka hapo mpaka kwa komanda ni dakika kumi ukikimbia, na alikuwa anakusudia kukimbia.

"Mama OPJ." Umurerwa alikuwa ameuchukua mfuko magotini, anapitisha kidole gumba juu ya mshono. "Ile kitu, wazungu wanaiita nani?"

"Manche à air."

"Manche." Alilijua neno. Ni la kazi yake, lilikuwa kwenye kila daftari la vipimo alilowahi kuandika. "Manche ni mukono. Mukono wa nguo."

"Ndiyo, Mama."

Juu ya mashine shati jeupe lilikuwa limekwisha ungwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa bado pembeni, umekatwa, umeshonwa ubavu mara mbili, unangoja. Umurerwa aliuinua, akaingiza mkono wake upande mmoja, vidole vyake vikatokea upande wa pili, akavitazama.

"Mukono najua kushona," alisema. "Wangeniambia mukono, ningeuacha wazi."